Wali Umeungua na Wageni Wapo Mlangoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Mapishi ya Nyumbani na Vituko vya Jikoni

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wanaopika nyumbani: wali, chapati, maharage, mchuzi wa nazi, na yale yanayotokea ukigeuka kidogo tu. Yameanza na ya msingi, yakaishia na yale yanayomkuta mtu mara mojamoja. Ukielekezwa kwenye swali jingine, lifuate, maana jibu halikurudiwa.

## Mambo ya kwanza

Chakula kimeanza kuharibika. Nifanye nini kabla ya yote?

Epua. Kabla hujaongeza maji, kabla hujakoroga, kabla hujampigia shangazi simu, toa sufuria motoni uiweke chini. Chakula kingi hakiharibiwi na kosa lenyewe, kinaharibiwa na zile dakika mbili za kuhangaika huku moto unawaka. Wali ulioanza kunuka moshi ukiukoroga, moshi unaingia kila punje. Tui lililoanza kukatika likiendelea kuchemka, linakatika lote. Ukishaepua, onja, nusa, kisha amua.

Jambo moja tu haliepuliwi: mafuta yaliyoshika moto. Hayo yana jibu lake katika sehemu ya usalama, na ningependa ulisome leo kabla hujalihitaji.

Nina pesa kidogo. Ninunue vyombo gani kwanza?

Sufuria moja nzito yenye kifuniko kinachokaa sawasawa, kikaango kizito, mwiko, kisu kinachokata kweli, na chujio. Sufuria nzito moja ni bora kuliko nyepesi tatu, kwa sababu alumini nyembamba hupokea moto mahali pamoja na chakula kinashika chini. Mbuzi ya kukunia nazi inaweza kuazimwa kwa jirani.

Mapishi yanasema "kikombe". Kikombe gani?

Chochote, mradi kiwe hicho hicho kwa mchele na kwa maji. Matatizo huanza mtu akipima mchele kwa kopo na maji kwa bilauri.

## Wali na pilau

Wali wangu leo ni mashendea, kesho una kiini. Nitie maji kiasi gani?

Hakuna kipimo kimoja cha mchele wote. Mchele mpya, uliovunwa karibuni, hunywa maji kidogo. Uliokaa ghalani hunywa zaidi. Kwa kikombe kimoja cha mchele, anza na kikombe kimoja na nusu cha maji kama ni mpya, au kama ni basmati uliyoloweka nusu saa. Mchele wa zamani unaweza kufika vikombe viwili. Ukifungua gunia jipya, hata kama ni mchele uleule wa Kyela au pishori ya Mwea uliyoizoea, pika kikombe kimoja cha kujaribu kabla ya siku ya wageni.

Wali wenye kiini unatibika: nyunyizia vijiko vichache vya maji ya moto, funika, uache kwenye moto mdogo sana kwa dakika kumi. Maji ya baridi yanaupoza na kuuchelewesha. Mashendea ni kazi zaidi. Epua, funua, utandaze wali kwenye sinia pana upigwe na hewa, bila kuukandamiza. Ukishakuwa uji kabisa usilazimishe. Mpe mtoto ubwabwa wake, au usage pamoja na mchele ulioloweka upate vitumbua vya asubuhi.

Wali wa nazi: tui zito liingie lini?

Mwishoni. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na hapa ndipo utamu ulipo, kwa hiyo niende taratibu.

Ikune nazi yako, tia maji ya uvuguvugu kidogo, kamua na uchuje. Hilo ndilo tui la kwanza, zito, liweke pembeni. Tia maji tena, kamua la pili, na la tatu kama nazi bado ina kitu. Tui hili jepesi ndilo la kuchemshia mchele, pamoja na chumvi. Maji yakikaribia kukauka, mashimo madogo yakianza kuonekana juu ya wali, mimina tui zito, geuza mara moja kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, funika, punguza moto, palia makaa juu ya kifuniko.

Sababu ni kwamba tui zito lina mafuta na sukari yake ya asili. Likiingia mapema linashika chini na kuungua kabla punje hazijaiva. Likiingia mwishoni linazivika punje tu. Baada ya hapo tumia masikio: mwanzo utasikia mchemko wa maji, kisha sauti inapungua, kisha inakuja michirizo midogo mikavu. Ukiisikia hiyo, funua uangalie. Ukiona mafuta yanang'aa kwenye ukingo wa sufuria, wali umeiva, epua.

Wali umeungua na wageni wapo mlangoni. Unaokoleka?

Mara nyingi, ndiyo. Epua, na usikoroge kabisa. Weka kitako cha sufuria kwenye beseni la maji baridi kwa dakika mbili tatu ili joto lisiendelee kupanda. Kisha chota wali wa juu kwa kijiko kipana uuhamishie kwenye sufuria nyingine safi, bila kugusa pembeni wala chini. Acha kijiko kisimame pale unapoona rangi inabadilika. Tamaa ya punje kumi za mwisho ndiyo inayoleta harufu. Wali uliohamishwa uache wazi dakika kumi, moshi utoke, ndipo ufunike.

Ukoko wa kahawia usitupe. Jirani mmoja wa Tanga aliunguza wali siku ya wageni wa posa. Wakahamisha wa juu kama hivyo, ukaliwa bila mtu kujua. Kisha mzee mmoja, akinawa, akauliza kwa sauti ya chini kama ukoko umebaki. Ukaletwa kwenye kisosi na akaumaliza wote. Ukoko mweusi ni habari nyingine, ni mkaa huo, ni mchungu. Sufuria yake iloweke usiku kucha kwa maji ya moto na magadi soda kidogo, asubuhi utabanduka.

Pilau yangu haipati rangi. Nitie nini?

Usitie kitu. Rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu. Vikate vyembamba na vilingane, vikaange kwa mafuta ya kutosha, moto wa wastani, bila kuondoka. Dakika kumi na tano hadi ishirini ni kawaida. Vikifika kahawia iliyokoza, tia papo hapo tangawizi na kitunguu saumu kilichotwangwa. Unyevu wake unazuia vitunguu visiendelee kuungua. Ndipo bizari nyembamba, mdalasini, hiliki, karafuu na pilipili manga, kisha nyama na supu yake.

Vitunguu vikigeuka vyeusi, vitoe na uanze upya. Uchungu wake haufichiki kwa kitu chochote, na nyama ya kilo nzima haistahili kuharibika kwa ajili ya vitunguu vitatu. Karafuu nayo iwe kwa hesabu, punje chache tu kwa sufuria ya nyumbani.

## Unga: ugali, chapati, maandazi

Ugali una mabonge.

Anza na uji. Koroga unga kidogo kwa maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka, uache utokote dakika kadhaa. Bonge lolote liponde kwenye ukingo wa sufuria wakati bado ni uji, maana ugali ukishakaza halitoki. Kisha ongeza unga kidogo kidogo huku unasonga. Dona huhitaji muda zaidi motoni kuliko sembe.

Chapati zangu zikipoa zinakuwa ngumu.

Kuna mahali patatu pa kuangalia. Kwanza unga ni mkavu: donge la chapati liwe laini, linanata kidogo kwenye kiganja. Ukishaanza kunyunyiza unga mkavu kila linaponata, unazikaza mwenyewe. Kanda kwa maji ya uvuguvugu na mafuta kama dakika kumi.

Pili, hukulipumzisha. Lifunike kwa kitambaa nusu saa. Donge lisilopumzika ukilisukuma linarudi nyuma, unaongeza nguvu, linazidi kukaza. Baada ya kusukuma, kupaka mafuta, kukunja na kuviringa, lipumzishe tena dakika kumi. Hapo ndipo tabaka zinapopatikana.

Tatu, kikaango hakina moto wa kutosha. Chapati inayokaa sana kwenye moto mdogo inakauka kabla haijapata rangi. Iweke kavu kwanza, ikianza kutoa malengelenge igeuze, ndipo upake mafuta. Zikiiva zipange moja juu ya nyingine na uzifunike, mvuke wake wenyewe uzilainishe.

Maandazi yananywa mafuta, au hayavimbi.

Mafuta hayajapata moto. Tupia kipande kidogo cha donge: kikipanda juu mara moja na kutoa mapovu pande zote, anza. Kikikaa chini, subiri. Kikibadilika rangi papo hapo, punguza moto, maana yataiva nje yabaki mabichi ndani. Sukuma unene wa kama nusu sentimita, usiyajaze kwenye karai, na yakipanda yamwagie mafuta ya moto juu kwa kijiko. Mahamri ya tui yanahitaji uangalifu zaidi kwa sababu sukari na tui huyapa rangi haraka.

Nitajuaje kama hamira bado nzima?

Tia kijiko cha hamira na sukari kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, subiri dakika kumi. Ikitoa povu, nzima. Isipotoa, imekufa, na donge la unga lililokwisha kukandwa nayo unaliokoa kwa kukandia hamira nyingine iliyotoa povu. Maji ya moto huiua, kwa hiyo yajaribu kwa kidole kwanza.

Donge limefurika. Nitupe?

Hapana, kama halijanuka uchachu mkali. Likandamize hewa itoke, tia unga kidogo, kanda, kata, kaanga haraka. Katika joto la Dar es Salaam saa moja inatosha kuumua. Kwenye baridi ya Njombe au Lushoto utasubiri sana. Mama mmoja wa Temeke, akiwa na oda ya asubuhi, alitia hamira maradufu akalala. Alfajiri alikuta kifuniko cha ndoo kipo sakafuni, donge limeteremka pembeni hadi chini, na kuku wawili wamesimama juu yake miguu imenasa. La ndooni aliliokoa kwa njia hiyo hiyo. La sakafuni aliwaachia kuku, baada ya kuwanasua.

## Maharage na mchuzi

Chumvi imezidi. Kiazi kinasaidia?

Kidogo sana. Kiazi hufyonza mchuzi wenye chumvi, lakini hakichagui chumvi peke yake. Mchuzi unaobaki ni uleule. Kinachosaidia ni kuongeza chakula kisicho na chumvi: maji, tui, nyanya, mchicha, maharage mengine. Ndimu hufanya ulimi usione chumvi sana, lakini chumvi bado ipo, na hilo likumbukwe nyumbani penye mgonjwa wa shinikizo la damu.

Na pilipili ikizidi?

Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ongeza tui au mtindi. Aliyekwisha kula apewe maziwa, maji hayamsaidii. Mikono iliyokata pilipili ipake mafuta ya kupikia kwanza, kisha ioshe kwa sabuni, na macho yasiguswe.

Tui limekatika.

Epua, ongeza tui zito kidogo huku unakoroga. Kwa siku nyingine: moto mdogo, sufuria wazi, mwiko usisimame mpaka lichemke, na ndimu au ukwaju uingie mwishoni. Mchuzi uliokatika una sura mbaya tu, ladha haijaharibika, kwa hiyo usimwage.

Maharage hayaivi.

Yamekaa sana dukani, au umetia nyanya mapema. Uchachu wa nyanya na ndimu unazuia ganda kulainika, kwa hiyo yaive kwanza. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, chemsha kwa mapya. Magadi kidogo yanaharakisha, lakini yakizidi yanaleta ladha ya sabuni na kuharibu vitamini B1. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi, hata kama baadaye utayaacha kwenye moto mdogo. Mabichi yana sumu inayotapisha. Kama unaishi nyanda za juu, soma pia swali la Nairobi hapa chini.

## Vituko

Ni vituko gani vinavyojirudia zaidi?

Birika la umeme juu ya jiko la gesi. Kijana anahamia chumba chake cha kwanza, anaamka na usingizi, anaona birika, anaona jiko. Kitako cha plastiki kinayeyuka kwenye vyuma vya jiko. Zima, fungua madirisha, usikwangue mpaka kipoe.

Sabuni ya maji kwenye chupa ya mafuta. Mgeni aliyetoka Mwanza aliamka mapema amsaidie mwenyeji wake, akakaangia mayai ya nyumba nzima, povu likapanda mpaka kwenye mpini wa kikaango. Watoto walicheka hadi wakachelewa shule. Hata hivyo andika jina kwenye kila chupa, na mafuta ya taa yasikae kabisa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiyanywa usimtapishe, mkimbize hospitali.

Sufuria ya presha iliyofunguliwa kwa haraka. Maharage yanapanda darini yote. Nyumba moja Moshi waliosha dari, wakaosha pazia, na bado haragwe moja likabaki juu ya fremu ya picha ya harusi mpaka Krismasi. Mpishi alinusurika kwa sababu alikuwa amesimama pembeni. Usijaze maharage zaidi ya nusu ya sufuria hiyo, zima, subiri mpaka mvuke utoke wenyewe na kitufe kishuke. Kifuniko kikigoma kuzunguka, kinakulinda, usikilazimishe.

Ninachokipenda kuliko vyote ni cha Ramadhani. Bi harusi mpya alipika tambi za nazi za futari, akatia chumvi mahali pa sukari. Baba mkwe akala tonge la kwanza, akanyamaza, akala la pili, kisha akasema, "Mwanangu, hizi zinataka mchuzi wa samaki." Bakuli la mchuzi likaletwa na sinia likasafishwa. Nyumba ile wanazipika hivyo mpaka leo.

## Usalama

Mafuta yameshika moto kwenye karai.

Usimwage maji, na usibebe karai. Maji hugeuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yanayowaka kila upande. Zima jiko kama unafikia, telezesha kifuniko cha chuma juu ya karai kutoka upande wako, uache palepale mpaka kipoe kabisa. Ukifunua mapema moto unarudi. Ukiwa umeshawaka hadi kabatini, toa watu nje na uite msaada.

Nasikia harufu ya gesi.

Funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hukusanyika chini, kwa hiyo mlango ni muhimu kuliko dirisha la juu. Ili kujua panapovuja, paka povu la sabuni kwenye mpira na rigeleta. Patakapotoa mapovu ndipo. Kiberiti kisitumike kutafuta.

Naweza kupikia mkaa ndani wakati wa mvua?

Si chumba kilichofungwa, na kamwe usilale na jiko la mkaa ndani ili kuota moto. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na mtu hulala asiamke. Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, ukilenga asilimia 80 ya wananchi waitumie ifikapo 2034. Mpaka ikufikie nyumbani, jiko la mkaa liwe barazani au penye hewa inayopita.

Nimeungua.

Maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Vua pete na bangili mapema kabla hapajavimba. Dawa ya meno, mafuta, asali na yai visiguse hapo. Jeraha kubwa, la usoni, la viganjani au la mtoto mdogo liende hospitali.

Kiporo cha wali kinaweza kudhuru?

Kinaweza, kikikaa nje usiku. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi wali unapochemka. Wali ukikaa kwenye joto huamka na kutoa sumu, na kupasha moto hakuiondoi. Harufu haikuambii kitu. Tandaza wali upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Pasipo friji, pika wa kutosha jioni hiyo, na asubuhi chai inywewe na muhogo wa kuchemsha.

## Mazingira tofauti

Maharage yaliyoiva vizuri Mombasa yanagoma Nairobi. Kwa nini?

Kwa sababu maji ya Nairobi hayafiki moto ule. Pwani maji huchemka kwenye digrii 100. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, huchemka kwenye digrii 94 hivi. Yanatokota kwa nguvu ileile, lakini ni ya baridi zaidi, na kuongeza moto kunayakausha tu. Mbeya wanalijua hili. Loweka muda mrefu zaidi, au tumia sufuria ya presha, ambayo huyafikisha karibu digrii 120 popote ulipo.

Niko Ulaya, sina makaa wala nazi ya kukuna.

Wali ukikauka maji, funika sufuria inayostahimili joto uiingize kwenye oveni ya digrii 150 kwa dakika 20. Joto litatoka juu na chini kama makaa. Tui la kopo la mililita 400 ligawanye: theluthi moja iwe tui zito la mwisho, iliyobaki iongezwe maji iwe tui jepesi. Jiko la umeme likizimwa hubaki na moto, kwa hiyo sogeza sufuria, usitegemee swichi.

Gesi imeisha katikati ya chapati.

Usilaze mtungi wala kuutia kwenye maji ya moto ili utoe za mwisho. Mtungi ukilala, gesi ikiwa bado kimiminika inaweza kupita kwenye rigeleta na kuwaka vibaya. Madonge yaliyobaki yapake mafuta, yafunike. Kwenye friji yanakaa mpaka kesho, ila yatoe saa moja kabla ya kusukuma. Yaliyokwisha kusukumwa yarudishe kuwa madonge, maana yakipangwa mabichi yatashikana. Na zile zilizoiva upande mmoja zipeleke kwa jirani mwenye jiko la mkaa, pamoja na chache zilizoiva kwa ajili ya watoto wake.